Nafsi na Jamaa: Mabishano ya Ubinafsi na Ujamaa katika Riwaya na Michezo



1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu neno moja, pamoja na hasara inayotokana na neno hilo kubebeshwa mizigo miwili. Neno lenyewe ni *ubinafsi*. Mwanafunzi wa falsafa anapotaka kueleza kwa Kiswahili mafundisho yanayomweka mtu mmoja na haki zake mbele ya jumuiya, hulitumia neno hilo. Mzazi anapomkanya mtoto aliyekula chakula chote bila kuwabakizia nduguze, hulitumia neno hilo hilo. Kwa hiyo, mjadala huwa umekwisha kuamuliwa kabla haujaanza. Upande mmoja huingia barazani ukiwa umehukumiwa kwa jina lake, na upande wa pili, yaani ujamaa, huingia ukiwa umesifiwa kwa jina lake.

Hapana mahali panapofaa zaidi kulijadili jambo hili kuliko mji huu wa Arusha. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana hapa kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, ikapitisha Azimio lililotangazwa rasmi Dar es Salaam tarehe 5 Februari mwaka huo. Azimio hilo lilibadili siasa na uchumi wa nchi. Sisi wanaisimu hatuna budi kuongeza kwamba lilibadili pia msamiati. Maneno *unyonyaji*, *ubepari*, *kabaila*, *kupe* na *kujitegemea* yaliingia katika vinywa vya watu wa kila rika. Sisi tuliosoma shule za msingi katika miaka iliyofuata tuliyajua maneno hayo kabla hatujamwona bepari yeyote.

Nitayachunguza mabishano haya kwa kutumia riwaya, tamthiliya na michezo, ikiwemo ile ya kompyuta ambayo vijana wetu huiita gemu. Huenda wapo watakaoshangaa kuona gemu zikiwekwa meza moja na riwaya. Sababu yangu ni nyepesi. Risala ya falsafa hueleza jinsi mtu anavyopaswa kuishi. Riwaya humweka mtu mahali fulani, ikamwacha aishi tukamwona. Mchezo humtaka mtu mwenyewe achague. Vijana wengi waliomo ukumbini humu wameyakuta mabishano ya mtu na jumuiya kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kuyakuta kitabuni. Mwalimu asiyejua wanafunzi wake wanatoka wapi hawezi kuwafikisha anakokusudia.

2. Maneno na mizigo yake

Tuanze na shina *nafsi*, lililotoka katika Kiarabu. Katika Kiswahili shina hili lina makazi mawili. Katika maadili na dini, nafsi ni utu wa ndani wa mtu, ule unaojua, unaotamani na unaojuta. Katika sarufi, nafsi ni nafasi ya msemaji, msemeshwa na msemwa: nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Hivyo basi, wanasarufi wetu walipochagua istilahi hiyo waliweka pamoja mambo ambayo lugha nyingine huyatenganisha. Kila mwanafunzi anaponyambua kitenzi, anajifunza pia kwamba nafsi haikai peke yake. *Mimi* haina maana pasipo *wewe* wa kuambiwa.

Neno *binafsi* limebeba ndani yake kihusishi cha Kiarabu *bi*, chenye maana ya 'kwa'. Mtu akifanya jambo binafsi, amelifanya kwa nafsi yake. Neno hili halina ubaya wowote. Tunasema shule binafsi, sekta binafsi, maoni binafsi, haki za mtu binafsi. Ubaya unaingia pale tunapoongeza kiambishi *u-*: *ubinafsi* ni uchoyo. Lakini ongezeni viambishi zaidi mwone ajabu nyingine. Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa, lilienea neno *ubinafsishaji*, na tendo hilo likawa sera ya serikali. Mwananchi akaelezwa kwamba ubinafsi ni dhambi na ubinafsishaji ni maendeleo, ilhali maneno yote mawili yana shina moja. Yeye aliyesikia ukoo wa maneno hayo na kutia shaka hakuwa mjinga. Alikuwa mwanaisimu asiye na shahada.

Kwa upande wa pili, *ujamaa* umetokana na *jamaa*, yaani ndugu na watu wa nyumba moja. Katika kijitabu chake cha 1962, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ujamaa wa Kiafrika haukuanzia katika uhasama wa matabaka bali katika familia iliyopanuliwa hadi kulihusisha taifa, na hata binadamu wote. Uteuzi wa neno ulikuwa hoja kamili. Kama angetumia neno lililotoholewa, mfano wa *usoshalisti*, msikilizaji angeuliza maana yake. Kwa *jamaa* hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu anao. Itazameni tofauti na *ukomunisti*, neno ambalo tumeliacha na sura yake ya kigeni, kana kwamba tunasema kwamba mambo hayo ni ya wenyewe huko.

Inafaa pia tukumbuke kwamba mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio, Mwalimu alichapisha tafsiri yake ya tamthiliya ya Shakespeare kwa jina la *Mabepari wa Venisi*. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja. Kiswahili kilikuwa na *mfanyabiashara*, *tajiri* na *mchuuzi*. Mfasiri alichukua *bepari*, neno ambalo asili yake ya Kihindi ilimaanisha mfanyabiashara tu, lakini ambalo kufikia 1969 lilikuwa limekwisha kubeba lawama. Tena akaliweka katika wingi. Hivyo, mtu mmoja akageuka tabaka kabla pazia halijafunguliwa.

Je, Kiswahili chenyewe, kabla ya siasa, kilikuwa upande gani? Methali zetu zinakataa kuchagua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini pia mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ipo inayosema umoja ni nguvu, na ipo inayoonya kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Anayetaka kuthibitisha kwamba wahenga wetu walikuwa wajamaa atapata methali za kumtosha, na mpinzani wake vilevile. Wahenga hawakuwa na mfumo. Walikuwa na busara ya kujua neno lipi liseme lini.

3. Riwaya za 'mimi' na 'sisi'

Katika fasihi ya ulimwengu, mabishano haya yamewahi kuwekwa waziwazi katika umbo la vita vya viwakilishi. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika mwaka 1920 na 1921 riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni 'Sisi', inayohusu dola ambamo watu wana namba badala ya majina. Ilichapishwa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Wasomaji wa nchini kwake walisubiri hadi 1988. Ayn Rand, aliyezaliwa St Petersburg mwaka 1905 na kuhamia Marekani mwaka 1926, aliandika *Anthem*, iliyotoka 1938. Humo mhusika mkuu, ambaye jina lake ni Usawa na namba, hajui kiwakilishi cha umoja. Hujiita 'sisi' hata akiwa peke yake gizani, na ukombozi wake ni kuligundua neno 'mimi'. Falsafa hiyo Rand aliipanua katika *The Fountainhead* ya 1943 na *Atlas Shrugged* ya 1957.

Hebu tujaribu, kama zoezi la tafsiri, kuihamishia *Anthem* katika Kiswahili. Ugumu unajitokeza mara moja. Kwa Kiingereza mwandishi anabadili zaidi kiwakilishi tu. Kwa Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi, hivyo kila tendo la mtu yule litabeba *tu-*: tunaandika, tunaogopa, tumepotea. Kisha tutafika ugenini zaidi, kwani msomaji wa Kiswahili hatastuka inavyopaswa. Sisi husema *nyumbani kwetu* hata mzaliwa akiwa mmoja tu. Mtu wa huku atakwambia: kwetu ni Poli, kwangu ni Sakina. *Kwetu* ni pale nilipotoka, palipo na makaburi na migomba ya babu. *Kwangu* ni pale nilipojenga au nilipopanga. Sentensi moja, mtu mmoja, nafsi mbili, wala hakuna vita. Dhana ambayo kwa Rand ni ya kufa na kupona, mkazi wa Meru huitamka akiwa anasubiri daladala.

Sisemi kwamba Rand hakuwa na hoja. Familia yake ilinyang'anywa duka la dawa baada ya mapinduzi ya 1917, na mtu aliyenyang'anywa chake kwa jina la 'sisi' ana haki ya kulichukia neno hilo. Nasema tu kwamba hoja yake imejengwa juu ya sarufi fulani na historia fulani, na kwamba tukiichukua nzima nzima tutajikuta tunapigana vita ambavyo lugha yetu haikuvitangaza.

Mwaka 1967 unatupa mfano wa pili. Mwaka huo huo wa Azimio, shirika la East African Publishing House la Nairobi lilichapisha *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell ya 1945. Hivyo msomaji wa Kiswahili alipata ahadi ya usawa na kisa cha ahadi hiyo kuvunjwa katika mwaka mmoja. Orwell hakuwa mfuasi wa ubepari; alikuwa msoshalisti aliyeogopa viongozi. Shabaha yake si neno 'sisi' bali ni wale wanaolitamka wakiwa wamejitoa ndani yake. Tuishike tofauti hii, kwani ndiyo inayotufikisha kwenye fasihi yetu wenyewe.

4. Kezilahabi na aina mbili za 'sisi'

Hapana mwandishi wa Kiswahili aliyeuchunguza ujamaa kwa ukali na kwa huzuni kama Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020. Katika *Kichwamaji* ya 1974 alimchora Kazimoto, msomi anayeishia kujiua kwa kushindwa kuona maana ya maisha. Hiyo ni riwaya ya nafsi iliyokatika katika jamaa zake. Mwaka uliofuata, katika *Dunia Uwanja wa Fujo*, alimchora Tumaini, mtu aliyetapanya ujana wake, kisha akatulia na kuwa mkulima mkubwa. Ujamaa unapofika kulichukua shamba, Tumaini anamuua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kunyongwa. Msomaji hawezi kukosa kukumbuka kwamba tarehe 25 Desemba, 1971, Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi kule Isimani, na kwamba mkulima huyo alinyongwa.

Kama mwandishi angekuwa mfuasi wa Rand, Tumaini angekuwa shujaa. Kama angekuwa mwandishi wa propaganda, Tumaini angekuwa kupe. Kezilahabi hakumfanya lolote kati ya hayo. Tumaini ameua mtu, na hilo halifutiki. Lakini shamba lile ndilo jambo la kwanza alilolifanya kwa akili na jasho lake. Jina lake linatuuliza: ni tumaini la nani lililonyongwa?

Katika *Gamba la Nyoka* ya 1979, uwanja ni kijiji kinachotakiwa kuwa kijiji cha ujamaa, na miongoni mwa wahusika ni vijana wawili wasomi, Mambosasa na Mamboleo. Hapa ndipo ninapoona mchango mkubwa wa fasihi yetu katika mabishano haya. Mgongano si wa 'mimi' na 'sisi'. Ni wa 'sisi' mbili. Iko 'sisi' ya wanakijiji, inayojua nani ana deni kwa nani na nani alimzika mzazi wa nani. Na iko 'sisi' inayotoka mjini ikiwa imeandikwa kwenye karatasi. Zote mbili zinatamkwa kwa silabi zile zile.

Kisarufi, Kiswahili hakina viwakilishi viwili vya nafsi ya kwanza wingi, kimoja cha kumjumuisha msemeshwa na kingine cha kumtenga, kama zilivyo baadhi ya lugha za dunia. Msemaji akisema *tumeamua*, msikilizaji hana njia ya kujua kama naye ameamua. Upungufu huo unafidiwa kidogo katika hali ya kuhimiza: *twende* humwelekea mmoja, *twendeni* huwakusanya wengi. Lakini katika kauli ya kutaarifu, yeye aliyeshika kipaza sauti ndiye anayejua mipaka ya 'sisi' yake. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya masikitiko yaliyomo katika riwaya za wakati ule, ikiwemo *Njozi Iliyopotea* ya Claude Mung'ong'o ya mwaka 1980, ni masikitiko ya watu waliosikia *tumeamua* wakadhani wamo.

Tamthiliya ya *Kaptula la Marx*, iliyochapishwa 1999 baada ya kukaa muda mrefu bila kuchapwa, inalisema jambo hilo kwa kicheko. Rais Kapera na mawaziri wake wanasafiri kwenda nchi ya Usawa, naye rais amevaa kaptula la Marx, ambalo kwake ni kubwa mno. Angalieni kiambishi: si *kaptula ya* bali *kaptula la*. Ukubwa wa vazi umeingizwa katika sarufi, na hoja yote ya tamthiliya imo katika herufi moja. Falsafa iliyoshonwa kwa kiuno cha mwingine haikosi kumdondoka mvaaji.

5. Michezo

Sasa nigeukie michezo. Mwaka 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alipata hataza ya mchezo wa ubaoni alioutunga ili kufundisha mawazo ya Henry George, kwamba kodi ya ardhi inayomnufaisha mwenye ardhi pekee huwafukarisha wengine. Baadaye mchezo huo ulikuwa na kanuni za aina mbili: katika moja, utajiri wa ardhi uliwanufaisha wachezaji wote, katika nyingine, mmoja aliwafilisi wenzake. Kanuni ya pili ndiyo iliyoshinda, na mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaanza kuuza *Monopoly*. Linganisheni na andiko la Mwalimu Nyerere la 1958, alilopinga ndani yake ardhi kumilikiwa na watu moja kwa moja kama bidhaa. Magie na Nyerere hawakukutana, lakini walikuwa na swali moja. Mmoja aliliuliza kwa mchezo, na umma ukakumbuka mchezo ukasahau swali.

Mchezo wa kompyuta uitwao *BioShock*, wa 2007, unalichukua swali la Rand waziwazi. Uko mji chini ya bahari, Rapture, uliojengwa na tajiri Andrew Ryan, ambaye hata jina lake linaakisi la Rand, ili kila mtu ale jasho lake bila serikali, dini wala jirani kumdai. Mchezaji anaukuta mwaka 1960 ukiwa magofu. Anakutana na watoto wa kike ambao akiwaangamiza atapata nguvu nyingi upesi, na akiwaokoa atapata kidogo. Hilo ndilo chaguo ambalo wachezaji wengi hulikumbuka.

Mimi kama mwanaisimu limenigusa zaidi jambo jingine. Katika safari yote, sauti redioni humwelekeza mchezaji kwa adabu, kila mara kwa fungu moja la maneno ya ombi, mfano wa *tafadhali* yetu. Mwishowe anagundua kwamba fungu lile lilikuwa amri iliyopandikizwa akilini mwake. Hakuwahi kuchagua. Katika mji uliojengwa kwa ajili ya uhuru wa nafsi, mtu anaendeshwa na fomula ya adabu.

Nani kati yetu asiyeitambua fomula hiyo? Mwaka 1967, katika andiko lake kuhusu ujamaa vijijini, Mwalimu alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuishi kijamaa. Kufikia mwisho wa 1973, kuishi vijijini kulikuwa kumetangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikahamisha mamilioni ya watu. Lugha ya matangazo haikubadilika sana: wananchi *wanaombwa*, wananchi *wajitolee*. Kitenzi *kujitolea* kina kirejeshi *-ji-*, kinachoapa kwamba mtenda ndiye chanzo cha tendo. Kirejeshi hicho kilipowekwa katika amri, sarufi ilisema uongo. Wala tusidhani kwamba ni ugonjwa wa ujamaa peke yake. Leo kijana asiye na ajira huambiwa *ajiajiri*, awe mjasiriamali, na *-ji-* ile ile hufanya kazi ya kuwaondolea wengine wajibu.

Mchezo uliofuata, *BioShock 2* wa 2010, ulijaribu upande wa pili. Magofu yale sasa yanatawaliwa na Sofia Lamb, anayehubiri kufutwa kwa nafsi kwa ajili ya wote, na wafuasi wake huitwa Familia. Mtanzania hawezi kulisikia jina hilo bila kustuka, maana ndilo jina la ujamaa wetu. Hata hivyo tukae macho. Katika michezo yote miwili mchezaji ni mmoja, silaha anazo yeye, na nguvu hujilimbikiza kwake. Maneno ya mchezo yanaulaumu ubinafsi. Kanuni zake zinaulisha. Umbo lina falsafa yake, na mara nyingi huishinda falsafa ya maneno.

Kwa kigezo hicho hicho tuitazame michezo yetu. Bao la Kiswahili, ambalo Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda, lina mashimo 32 na kete 64. Kete hazina rangi ya mwenyewe kama ilivyo sataranji. Ni yako kwa kuwa iko upande wako. Unapokula, hutoi kete nje kuweka mfukoni. Unazipanda tena ubaoni. Zote 64 hubaki mchezoni hadi mwisho, na ushindi hauhesabiwi kwa wingi wa kete, bali mwenzako anaposhindwa kuendelea. Humo mna *nyumba*, mali inayolindwa, na mna *mtaji*, neno lile lile la wafanyabiashara. Lakini kete zisizopandwa hazimfaidii mtu. Bao si la kijamaa: ni ushindani mkali, na mshindi huwa mmoja. Wala si la kibepari: limbikizo halitoki nje ya ubao.

Tukumbuke pia kombolela ya watoto wa mitaani kwetu. Wanaojificha hukamatwa mmoja mmoja, hadi abaki mmoja ambaye mbio na ujanja wake vikimfikisha kwenye kopo, wote waliokamatwa huwa huru. Hapo kipaji cha mtu mmoja hakipunguzwi ili alingane na wenzake, wala hakimnufaishi yeye peke yake. Jina la mchezo linatokana na *kukomboa*. Sijapata kuona risala ya falsafa iliyolieleza jambo hilo kwa ufupi zaidi.

6. Mlima Meru

Naomba sasa tutazame nje ya dirisha. Miteremko ya Meru imelimwa kwa vizazi na Wameru na Waarusha kwa namna ambayo haiingii katika upande wowote wa mabishano haya. Shamba la migomba na kahawa ni la kaya. Lina mpaka, lina mrithi, na anayelivamia atashtakiwa. Mfereji unaoleta maji kutoka mlimani ni wa wote wanaoutumia. Huchimbwa na kusafishwa kwa pamoja, na maji hugawanywa kwa zamu. Aondoe mtu mfereji, shamba la kaya litakauka. Afute mtu shamba la kaya, nani ataamka alfajiri kuuzibua mfereji?

Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi wa Kizungu. Kila kaya ilipoteza nyumba yake. Malalamiko yakawa ya wote. Watu walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Alisimama mtu mmoja, kwa ujasiri wake mwenyewe, akasema *sisi*. Na safari hiyo waliosemwa walikuwamo. Kitabu alichoandika pamoja na mwanasheria Earle Seaton kuhusu kesi hiyo kilitoka pia mwaka 1967, mwaka wa Azimio na wa *Shamba la Wanyama*. Anayetaka kufundisha mjadala huu angeanza na maandishi hayo matatu. La kwanza linaahidi 'sisi', la pili linaionya, la tatu linaonyesha jinsi ilivyowahi kusemwa kwa haki.

7. Hitimisho

Nina mapendekezo mawili. La kwanza ni la istilahi. Tuuache *ubinafsi* ubaki na kazi yake ya kukanya uchoyo, kazi ambayo ni njema. Kwa falsafa inayotetea hadhi na haki za mtu mmoja, tutumie *unafsi*, neno lililoundwa kwa *u-* na *nafsi*, bila ile *bi*. Mwanafunzi ataweza kuandika kwamba unafsi wa Rand unaelekea ubinafsi, au kwamba hauelekei huko, na mtahini atalazimika kusoma hoja yake. Kwa sasa sentensi hiyo haiandikiki. Lugha ambayo hoja fulani haiwezi kuandikwa ndani yake bila kujilaani inawanyima watumiaji wake uhuru wa kuipinga hoja hiyo kwa haki, sawasawa na inavyowanyima uhuru wa kuikubali.

La pili ni la uhakiki. Tunapokutana na 'sisi', iwe katika riwaya, gemu, hotuba au tangazo, tuulize nani wamo. Tunapokutana na *-ji-*, tuulize kama mtenda ndiye kweli aliyeanza. Maswali hayo ni ya sarufi ya mwaka wa kwanza, lakini watu wamehamishwa makwao na wengine wamefilisika kwa kukosa wa kuyauliza mapema.

Kuhusu nani mshindi kati ya nafsi na jamaa, sitoi hukumu. Nakumbusha neno moja ambalo bao, mfereji na hata vibanda vya gemu vya mjini hapa vinalitumia kwa pamoja: *zamu*. Zamu ni yangu kweli, nikinyimwa nitadai. Lakini haipo pasipo wengine waliokubali kusubiri, ambao nami nitawasubiri. Falsafa itakayolianza somo hili kwa neno hilo bado haijaandikwa kwa Kiswahili. Wanafunzi, kazi hiyo ni yenu.